Aliyefungua Mlango

Juzi niliiona tena kwenye simu ile filamu ya kutisha tuliyoitazama utotoni, mchana, katika banda la video pale Iguguno, penye harufu ya petroli na mashudu ya alizeti. Binti alikuwa amejificha ndani, mlango ukafunguka taratibu, kisha pakawa giza. Siku ile nilidhani jenereta limezimika. Dada Neema akasema, "Ni mama yake, amekuja kumchukua." Watoto wakamzunguka njia nzima asimulie tena, nami nikafuata nyuma nimenuna.

Kumbe filamu yenyewe iliishia palepale. Nikampigia. "Dada, ulitudanganya."

"Si ulikuwa unalia wewe?"

Wivu ukanirudia uleule, maana mimi nisingeweza kuutunga mwisho ule.