Nilidhani Nimewafuta Madoa Watoto wa Mbwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi dobi nimeianza siku kwa kuomba jua.

Badala ya jua, nikaonyeshwa watoto sita wa mbwa, weupe pe.

Ngoja nieleze. Ninafua na kupiga pasi nyumbani kwa mama mmoja, daktari wa meno. Ana mbwa jike mweupe mwenye madoa meusi mwili mzima, anayekimbia kama amechelewa mahali. Watu walishaagiza watoto wake kabla hawajazaliwa, na wote walitaka madoa.

Sasa nachungulia sanduku walimolala, sioni hata doa moja.

Moyo ukanipasuka paa. Mwezi mzima nilikuwa nikilowesha matandiko ya yule mbwa katika dawa ya kung'arisha mashuka, na mara moja sikuyasuuza vizuri. Nilikuwa nawahi darasa la jioni la kujifunza kusoma. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nakimbilia irabu.

Nikajua nimewafuta.

Mke wangu alinishauri ninyamaze, labda hawatagundua. Nikamuuliza nani asiyeona mbwa mweupe. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nilipiga magoti jikoni, nikaomba ujasiri. Kesho yake nikamweleza daktari kila kitu, nikasema akinifukuza sitamlaumu.

Alijifunika mdomo kwa mkono.

"Dobi, wewe unaomba kweli?"

"Kila siku, mama."

"Basi waombee wiki mbili. Kazi yako tutaizungumza baadaye."

Nikafunga, nikaomba. Siku ya kumi na tatu nikaona kijivu kwenye sikio la mmoja, kama wino uliofifia. Siku ya kumi na tano, wote.

Nililia mbele ya daktari bila aibu. Akaniambia kazi ninayo, akaingia ndani haraka, mabega yakitikisika. Nikadhani naye analia.

Wiki ya sita tangu wazaliwe, ikawa zamu yangu ya kusimulia mbele ya darasa. Nikatoa ushuhuda wote. Fundi viatu, anayekaa dawati la nyuma, akaitikia amina kwa nguvu.

Mwalimu alifungua kitabu cha wanyama, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Soma mwenyewe, kwa sauti."

Sikuwahi kusoma ukurasa mzima maishani mwangu.

Nikasoma kwamba jina la mbwa hao limetoka pwani ya Dalmatia, ila asili yao hasa bado inabishaniwa. Kwamba zamani walikimbia kando ya magari ya farasi, hata ya wazima moto. Kwamba ni wachangamfu, wanampenda bwana wao, hawachoki. Watu huwagombania kwa sura, kisha wakishindwa na mbio zao huwatelekeza.

Halafu nikasoma: "Watoto wote huzaliwa weupe. Madoa huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi."

Darasa likaangua kicheko. Fundi viatu akadai arudishiwe amina yake.

Nami nikacheka, mpaka mstari uliofuata ukanikata kicheko. Ulisema wengine huzaliwa viziwi.

Nikamkumbuka yule mdogo mwenye doa jichoni. Nikipiga makofi getini, wenzake hunirukia, yeye anaendelea kulala. Mtu aliyemwagiza alimwona, akamkataa, akasema ni mkaidi.

Hapo nikaelewa. Wiki mbili niliomba madoa ambayo yalikuwa njiani tayari, kumbe aliyehitaji mtu wa kumsaidia alikuwa mmoja, na nisingemjua kama nisingejua kusoma. Ndugu yangu, omba sana. Lakini kasome pia.

Nikafunga kitabu, nikasimama mbele ya mwalimu, fundi viatu na wanafunzi wenzangu kumi na mmoja.

"Yule mtoto nitamwomba kwa daktari, nimlee mimi. Sauti yangu hataisikia, basi nitamfundisha kwa mikono. Mimi mwenyewe nimeanza kusoma na mvi kichwani, kwa hiyo sitakuwa na haraka naye. Na kila asubuhi tutakimbia pamoja, kunyeshe kusinyeshe. Nyinyi ni mashahidi."