Mchanga wa Ziwa Juu ya Paa Langu

Kuku mwenyewe yuko hai. Anadonoa sukuma wiki nyuma ya nyumba yangu ninapoandika haya, kwa hiyo ukitaka kubisha, anza na yeye. Mimi ni fundi wa nguo. Kazi yangu ni kupima, na sina tabia ya kuongeza inchi mahali haipo. Niliyoyaona niliyaona hapa Kibera, upande unaopakana na ukuta wa mtaa wa Ayany.

Nilimtoa Kawangware. Nilikuwa nimeenda kumtembelea dada yangu mdogo, tukapita sokoni, na mwanamume mmoja alikuwa akishusha kreti za kuku wa mayai waliochoka kutaga. Mmoja akachomoka, akaanguka chini, akabaki papo hapo. Hakujua kukimbia, niamini. Miguu yake ilikuwa imezoea waya tangu utotoni. Udongo ulipomgusa alijikunja kama mtu aliyekanyaga makaa.

"Huyo ni wa supu, madam," muuzaji akaniambia. "Na nyama utaitafuta na tochi."

Dada yangu alicheka hadi akashika nguzo. "Watu wakitoka Kawangware wanabeba mitumba. Wewe unabeba mgonjwa!"

Nikambeba hivyo hivyo ndani ya kikapu.

Keateka wetu, yule anayetuchungia ploti kwa niaba ya landilodi, ni Mjaluo wa kando ya ziwa, mtu wa mzaha lakini neno lake ni moja. Alichungulia kikapu, kisha akanitazama. "Fundi, mimi sina shida na kuku. Shida yangu ni harufu. Jumamosi nitapita hapa na pua yangu. Nikisikia kitu, narudi na ugali."

Hakuwa akitania. Mpangaji mwingine aliwahi kupoteza bata kwa njia hiyo.

Basi nikajenga. Nyuma ya nyumba kuna kichochoro kati ya mabati yetu na ukuta wa Ayany, chembamba, watu wawili hawapishani. Nilichukua vipande vya mbao kwa maseremala, nikapigilia wavu, nikaufukia ukingo wake ardhini kwa sababu ya panya, nikafunika juu kwa sababu ya mwewe wa Nairobi, ambao hata andazi lililo mkononi hawakuachii. Maji nikayaweka kwenye sufuria safi juu ya tofali. Sakafuni nikamwaga maranda ya seremala, laini, yananukia mti. Nikajipongeza.

Mvua ikanyesha. Mtaro ukafurika, maranda yakanywa maji, na kufika Alhamisi kibanda kilinuka kuliko choo cha ploti. Kuku alikuwa amelala kwenye kona, kifua chini, hasimami. Kilichotakiwa ni mchanga safi unaopitisha maji. Lakini Kibera utautoa wapi? Nilienda mjengo mmoja upande wa Olympic nikaomba ndoo moja tu. Mlinzi akaniuliza kama nataka na saruji pia, na fundi wa kunijengea.

Sasa sikiliza. Usiku huo tulisikia mchanga ukimwagwa juu ya paa.

Kama hutoki magharibi, pengine hujui maana yake. Kwetu Waluhya, na kwa Wajaluo pia, kuna watu ambao giza likiingia miguu yao haitulii. Hutoka bila nguo, hukimbia, hurusha mchanga juu ya mapaa ya watu. Hawaibi, hawaui. Ni kitu cha ukoo, na asiyekimbia huugua. Ni wakimbiaji wa usiku. Lakini Kibera? Mtu atakimbia wapi hapa? Majirani walikemea kwa jina la Yesu nyumba hadi nyumba, na mmoja akagonga sufuria mpaka mtoto wake akalia.

Asubuhi nikatoka na ufagio. Mchanga ulikuwa umeporomoka chini kutoka paani, mwingi, mweupe, umechanganyika na makombe madogo ya konokono wa majini. Mchanga wa ziwa, Nairobi! Mtu mwenye busara angeita mchungaji. Mimi niliutazama mchanga, nikamtazama kuku, nikachota maranda yaliyooza upande mmoja wa kibanda na kuumwaga mchanga pale.

Kuku akaweka mguu. Akaurudisha. Akauweka tena. Kisha akasimama, akaparua, akajilaza ubavu na kujirushia mchanga juu ya ngozi yake isiyo na manyoya, macho ameyafumba kwa raha. Nakuambia, nilisahau nguo za watu siku hiyo.

Ila mchanga ulitosha nusu tu. Nusu nyingine bado ilinuka, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Nilikesha. Alfajiri, kabla watu wa mjengo hawajaanza kupita, nikasikia kitu nyuma. Nikatoka na taa ya simu.

Alikuwa mwanamke, mzee kuliko mama yangu, na hakuwa amevaa kitu ila giza. Alichuchumaa ndani ya kibanda nilichokipima kwa mkono wangu, ambamo hata mtoto hawezi kuenea, na mlango ulikuwa bado umefungwa kwa waya kutoka nje. Kuku alikuwa gotini mwake, ametulia. Yule mama aligeuza viganja chini. Vilikuwa vitupu. Mchanga ukatiririka kutoka humo kama maji ya mfereji, ukafunika ile nusu iliyonuka.

"Zima taa, mwanangu."

Nikazima. Wewe ungefanya nini?

"Ni wewe umechukua mchanga wangu?"

"Ni mimi, mama. Ulikuwa juu ya paa langu."

Akacheka polepole. "Naurusha tangu nikiwa msichana. Watu wanatukana, watu wanaomba. Hakuna amewahi kuutumia."

Nikamuuliza jina. Mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Jina utalifanyia nini? Utalishona?" Kisha akasema, "Hapa nyumba zimebanana. Nikinyoosha mguu nagonga beseni ya mtu. Huyu naye walimweka kwa waya. Mrefushie. Mfikishe mwisho wa ukuta."

Halafu akakimbia. Sikuona alivyotoka kibandani. Mwanga hafifu wa taa za Ayany uliruka ukuta, nikamwona akienda na kurudi katika kichochoro kile chenye misumari na kamba za nguo, bila kugusa hata shati moja. Nimeona wanariadha wetu kwenye televisheni. Sijaona miguu inayoipenda ardhi namna ile. Na kuku, yule wa supu, akakimbia naye ndani ya wavu, mabawa wazi. Mwishowe mama yule alifika kwenye mapipa ya keateka yaliyoziba mwisho wa kichochoro, na hakurudi.

Keateka alikuja asubuhi, pua mbele. Akanusa, akapiga magoti, akanusa tena. Hakuna kitu. Akachota mchanga, akaona makombe, na mzaha ukamtoka usoni.

"Hii mchanga umetoa wapi?"

Nikamweleza yote. Akajipangusa mkono kwenye suruali. "Jajuok," akasema kwa sauti ya chini. Ndivyo Wajaluo wanavyowaita. "Nyumbani tulikuwa tunawafukuza na mbwa." Kisha akaenda mwisho wa kichochoro, akainamisha mapipa yake na kuyaviringisha nje, moja baada ya jingine. "Kuku akae. Ongeza mbao zako mpaka pale."

Sasa kibanda kinafuata ukuta wote, safi, kikavu, na kila baada ya mvua mchanga mpya huanguka. Manyoya ya kuku yameota. Na akaanza kutaga, yeye aliyesemwa amechoka. Mayai mazito, ganda gumu. Nilimpelekea keateka moja, akaficha mikono nyuma. "Asante, fundi. Mimi napenda usingizi wangu."

Nikadhani ni mzaha. Nikachemsha nikala, mengine nikampelekea dada yangu.

Tangu hapo miguu yangu huamka kabla yangu. Nimewahi kujikuta kichochoroni alfajiri, leso begani, nyayo mchangani, sikumbuki nilivyofungua mlango. Dada yangu naye alinipigia simu kutoka Kawangware, sauti inatetemeka: amejikuta barabarani, miguu mitupu, na hakuogopa. Hilo ndilo lililomtisha.

Mimi sijakimbia. Bado.

Kwa hiyo ukisikia mchanga juu ya paa lako, usitukane na usimulike. Aliyeurusha anastahili heshima kuliko mawe. Uzoe, mtandikie kuku wako, utaona ajabu. Lakini kabla hujala yai la kuku huyo, toka nje kwanza, utazame huku na huku, ujiulize: hapa ninapokaa, nitakimbia wapi?