Chujio Lililopitisha Upesi

Mwaka ule niliporudi Kindu kwa likizo ya chuo kikuu, yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa amesimamishwa kazi kwenye karakana ya reli, karibu kufukuzwa. Beringi za lori alilolitunza zilikuwa zimeungua, na mafuta ya injini yalijaa uchafu. Shefu wake, mkuu wa karakana, Mbelgiji, alidai kwamba yaya alipewa chujio jipya la mafuta, akaliuza kwa madereva wa njia ya Kampene, akaacha la zamani ndani. Chujio lenyewe lilikuwa limeshatupwa.

"Filtre ilikuwa mupya, mudogo wangu," yaya aliniambia kuhusu chujio lile. "Niliifunga mimi mwenyewe."

Sikumwamini. Alikuwa na viatu vipya, nami sikumuuliza vilitoka wapi; nilijijibu mwenyewe.

Lakini shefu naye sikumwamini. Nilimwomba anionyeshe jinsi machujio yanavyopimwa, akakubali kwa fahari. Aliweka chujio juu ya ndoo, akamimina mafuta ya moto, akatazama saa. Lililopitisha upesi lilipigwa muhuri. Lililochelewa lilitupwa kwenye kasha la mabovu. Nikamuuliza anatia uchafu gani katika mafuta hayo. Akacheka: nani huchafua filtre mpya kabla ya kazi?

Mama yetu alichuja mawese maisha yake yote. Kitambaa kikipitisha upesi, alitafuta tundu.

Nikamwita yaya, nikaomba machujio mawili: moja lenye muhuri, jingine kutoka kwenye kasha. Nilichanganya mafuta na vumbi la jiwe la kunolea, kipimo kilekile kwa yote mawili, nikatandika kitambaa cheupe chini ya kila moja. Lililokataliwa lilidondosha taratibu, na kitambaa chake kikaloa mafuta matupu. Lenye muhuri liliacha kwenye kitambaa vumbi linalokwaruza vidole. Tukalipasua: karatasi ya ndani ilikuwa imebanduka kwenye gundi, mafuta yanapita pembeni.

Shefu alilisugua vumbi lile kati ya vidole kwa muda mrefu. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba yaya arudi kazini Jumatatu.

Mimi nilijua jaribio halikuthibitisha kwamba yaya hakuuza kitu. Lilionyesha tu kwamba hata chujio jipya lingeweza kuua injini ile. Sikulisema hilo mbele ya shefu.

Tulipovuka reli, yaya alinigeukia.

"Na kama kitambaa cha ile ya muhuri kingetoka safi," akauliza, "ungewaambia mimi njo mwizi, ndiye niliyeuza?"

"Ningewaambia nilichokiona."

Akaongeza mwendo, akaniacha nyuma. Siku tatu alikula peke yake.