Pendekezo Alilolifunga Mama Maoni

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu. Mama Maoni hajavua hata koti la mvua. Amesimama mbele ya meza yake, mkono mmoja umeshika funguo, mwingine unabonyeza kompyuta, na midomo inacheza kimyakimya kama mwalimu anayehesabu watoto kwenye foleni.

"Sitini na tatu," anasema hatimaye, kisha anajibwaga kwenye kiti. "Tangu Ijumaa jioni, watu sitini na watatu wameketi kwao wakaona kwamba mimi sina kazi ya kufanya."

Analisoma pendekezo la kwanza kwa sauti. Mtu anataka folda zirudishiwe rangi ya bluu. La pili linataka folda zisiwe za bluu tena, kwa kuwa zinaumiza macho. La tatu lina maneno manne tu: "Rudisheni kama ilivyokuwa zamani."

"Zamani ipi?" anakiuliza kioo cha kompyuta. "Ya mwaka jana? Ya Nuhu? Hasemi!"

La nne linaanza kwa sifa tele, linaendelea kurasa mbili, na kumalizika kwa ombi kwamba kompyuta isizimike umeme unapokatika. Mama Maoni anavua koti, analitundika nyuma ya mlango, anarudi kukaa. Analijibu. Kwa adabu.

Ofisi yao ni vyumba vitatu juu ya duka la kuuza vioo. Humo hutengenezwa mfumo wa kompyuta za mezani uliojengwa juu ya Linux, programu ya msingi isiyolipiwa. Mfumo ndio unaoiamsha kompyuta na kupanga madirisha, mafaili na vitufe. Bila mfumo, kompyuta ni sanduku tu. Wao huutoa bure, na ndiyo sababu umependwa na shule, zahanati na ofisi zenye mashine zilizozeeka.

"Na kwa kuwa ni wa bure," anasema Mama Maoni, "kila anayeutumia anajiona ana hisa."

Kazi yake ni kusoma mapendekezo ya watumiaji. Yote. Jina lake halisi hulikuti popote ofisini isipokuwa kwenye karatasi ya mshahara. Hata mlinzi wa getini humwita Mama Maoni. Ameifanya kazi hiyo miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu wa kampuni ya usafirishaji, dawati la mizigo iliyopotea, miaka tisa.

"Kule watu walinipigia wakilia. Nikajisemea, nikipata kazi ya kusoma badala ya kusikiliza, nitapumzika. Kumbe kelele za maandishi ni mbaya zaidi. Hakuna hata simu ya kukata."

Pendekezo likiingia hulisoma, huuliza maswali, kisha huamua. Ama hulipeleka chumba cha pili kwa waandishi wa programu, au hulifunga na kuandika sababu. Kwa mwaka hupokea yapata elfu nne. Chumba cha pili huyafanyia kazi kama mia tatu hivi.

"Mimi ni mlango," anasema. "Wa nje wananigonga, wa ndani wananisukuma."

Mkuu wa chumba cha pili huitwa Profesa. Ni mwanamume mpole wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani mizito. Alipewa jina hilo kwa sababu hajui kujibu swali kwa sentensi moja, isipokuwa sentensi hii: "Kwangu inafanya kazi."

"Kwake inafanya kazi!" Mama Maoni anajipiga paji la uso. "Kwake! Ana kompyuta mpya, macho mazima, vidole vya mpiga kinanda. Basi tuwaambie watumiaji wote wahamie kwake."

Nyumbani hapati huruma sana. Mumewe ni mwashi, na kila akisimuliwa habari za ofisini huwa na swali lilelile.

"Ananiuliza, 'Hao mafundi wenu, nyumba wanayoijenga wanalala humo?' Namwambia wanalala. Anasema, 'Basi wanalala tu. Jikoni hawajaingia.'"

Lakini hasira anayoizungumzia zaidi si juu ya Profesa wala watu wa folda za bluu. Ni hasira yake juu ya nafsi yake.

Mapema mwaka huu aliletewa ujumbe kutoka kwa karani wa masijala wa zahanati moja, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu. Ulikuwa mfupi.

"Naandika mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka miwili iliyopita, mkanijibu kwamba pendekezo langu limefungwa. Mimi bado sijafungwa. Nipo kazini, na mikono bado inatetemeka."

Mama Maoni alicheka, kisha akaenda kulitafuta pendekezo la zamani. Alilikuta. Lilikuwa refu, halina aya, limeanza kwa salamu, habari za mvua na pongezi. Tatizo lenyewe lilikuwa mstari wa kumi na tisa. Karani alieleza kwamba akikokota faili kwa maus kulipeleka kwenye folda, mkono hutetemeka, faili hudondokea folda ya jirani, na kompyuta haisemi neno. Aliomba kitu kimoja: kompyuta imuulize kwanza.

Chini yake palikuwa na jibu: "Limefungwa. Limejirudia." Na jina la aliyelifunga.

"Lilikuwa jina langu," anasema. "Na halikuwa limejirudia hata kidogo. Wiki ile watu arobaini walikuwa wakilalamikia rangi ya kishale cha maus. Nikaona neno 'maus' kwenye kichwa chake, nikafunga. Sikufika mstari wa nne."

Anapanga kalamu zilizokuwa tayari zimepangika.

"Nilijiona kama mtu aliyemfungia mgeni mlango, halafu miaka miwili baadaye anafungua na kumkuta bado amesimama palepale. Tena anamsalimia."

Alilibeba pendekezo hadi chumba cha pili. Profesa alilisoma lote, akajaribu kukokota faili mara kumi kwenye kompyuta yake, na mara zote kumi faili likaenda lilikotakiwa.

"Kwangu inafanya kazi," alisema. Kisha akaeleza kwa kirefu kwamba kompyuta ikianza kuuliza-uliza, watumiaji wengine wataudhika.

"Twende," Mama Maoni alimwambia.

"Wapi?"

"Kwake. Kule ambako haifanyi kazi."

Ilimchukua wiki mbili kumfanya Profesa atoke nje. Kwanza palikuwa na kikao. Kisha toleo la dharura. Kisha mafua. Mwishowe walikwenda.

Masijala ya zahanati ni chumba chembamba chenye dirisha moja. Rafu zimejaa majalada ya zamani mpaka darini, na katikati ipo meza yenye kompyuta, skana na kikombe cha kalamu. Karani aliwapokea kwa mikono miwili, na hapo hapo, katika kusalimiana, Profesa aliutambua mtetemo ule.

"Karibuni, wanangu. Kaeni. Sikutegemea barua ingezaa watu."

Kazi yake aliwaeleza kwa ufupi. Kila karatasi ya maabara hupita kwenye skana, inakuwa faili, naye hulikokota hadi folda ya mgonjwa. Majina yamepangana kwenye kioo kama mistari ya daftari, yamebanana.

"Sasa niwaambie lililotokea," alisema karani. "Mzee mmoja wa miaka sabini na moja alikuja na kikohozi. Daktari akafungua folda yake, akamtazama mzee, akatazama kioo, akamtazama tena. Majibu yanasema mjamzito."

Walicheka wote watatu. Karani naye alicheka, lakini hakuendelea sana.

"Tulicheka hivyo hivyo siku ile, mzee mwenyewe akiwamo. Halafu nikaacha. Nikajiuliza, basi mwenye mimba ni nani? Nikaenda kwenye benchi. Alikuwepo dada mmoja, siku ya tatu hiyo anarudi, kila siku anaambiwa majibu hayajatoka. Alikuwa anatapika. Asubuhi ile ndiyo walikuwa wameamua kumwandikia dawa za tumbo, na zile dawa mjamzito hapewi. Karatasi ya dawa alikuwa nayo mkononi."

"Je, alikuwa ameshazimeza?" Profesa aliuliza.

"Foleni ya dawa ndiyo iliyomwokoa, mwanangu. Siyo mimi, wala siyo ninyi."

Tangu siku hiyo karani huifungua kila folda mara tatu kabla ya kwenda kula, na mara nyingi hali chakula cha mchana kabisa.

Profesa alivuta stuli, akakaa nyuma yake kwa saa nzima, akitazama. Karani alikokota mafaili ishirini na sita. Matano yalianguka pasipo pake. Mara moja tu Profesa alishindwa kujizuia.

"Mzee, kwa nini hutumii vitufe? Unashikilia hiki hapa, unabonyeza na hiki, unanakili, kisha unabandika."

Karani aliinua mikono yote miwili, akaiweka juu ya vitufe jinsi alivyoelekezwa. Vidole vikapiga vitufe sita kwa mpigo. Dirisha moja likafunguka, jingine likatoweka.

"Unaona?" alisema kwa upole. "Hiyo nilishajaribu kabla hujapewa hiyo miwani."

Njiani kurudi, Profesa alitembea akifuta miwani mpaka kituoni. Kisha akasema, "Sikujua."

Mama Maoni anasema hapo ndipo alipopandisha sauti mbele za watu.

"Hukujua? Uliandikiwa! Ameandika kwa mikono ile ile uliyoiona! Unajua barua ile ilimchukua muda gani? Na wewe unakokota faili mara kumi unasema hakuna tatizo!"

Kisha akakumbuka kwamba barua ya kwanza ilikuwa imefika kwake, si kwa Profesa. Akamlipia Profesa nauli.

Profesa aliandika badiliko hilo kwa wiki tatu. Faili sasa halisogei mpaka mtumiaji alishikilie kidogo, na likifika kwenye folda, kompyuta huuliza, "Niliweke hapa?" na kutaja jina la folda kwa herufi kubwa. Ukikosea, kipo kitufe cha kulirudisha.

Toleo la majaribio lilipotoka, malalamiko yalimiminika. Mia moja na kumi na mawili ndani ya wiki moja.

"'Nani aliwaomba?'" Mama Maoni anasoma mojawapo, sauti ikipanda. "'Mnatuona watoto?' Huyu hapa anasema amepoteza sekunde mbili. Mbili! Amekaa akaandika aya tano kulalamikia sekunde mbili!"

Uongozi ukaamua: badiliko libaki, lakini likiwa limezimwa. Anayelitaka aingie kwenye mipangilio, ukurasa wa sita, chini kabisa, mahali palipoandikwa "Mengineyo".

"Yaani karani afike huko kwa maus ile ile inayomshinda! Ni sawa na kumwambia kiwete dawa yako ipo, iko juu ya paa, panda."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Mama Maoni aliandika pendekezo lake mwenyewe, kama mtumiaji mwingine yeyote. Aliomba swali la mikono, kama inamsumbua mtumiaji na badiliko liwashwe, liulizwe mwanzoni, siku kompyuta inapowashwa mara ya kwanza, pamoja na maswali ya lugha na saa. Alipobonyeza kutuma, jibu lilirudi papo hapo: "Asante kwa maoni yako. Tumeyapokea na tutayafanyia kazi."

"Maneno hayo niliyatunga mimi, mwaka wangu wa kwanza. Nikayaona mazuri! Nilitaka kuirusha ile kompyuta dirishani."

Mabishano yalichukua siku kumi na moja. Yaliisha kikaoni, Profesa alipoulizwa kama kuna ulazima wowote. Wote walijiandaa kwa maelezo ya nusu saa. Alisema tu, "Nilikaa naye. Kwake haifanyi kazi," akakaa.

Pendekezo likapita. Toleo lenye swali hilo litatoka baada ya miezi minne.

Karani anastaafu baada ya mitatu.

Mama Maoni alimpigia simu kumweleza, akiwa amejiandaa kulaumiwa. Aliomba radhi kwa kufunga, kwa kuchelewa, kwa ukurasa wa sita, kwa kila kitu.

"Leteni tu, mwanangu," karani alisema. "Nani anajua anayekuja kukaa hiki kiti mikono yake ikoje? Na wagonjwa ni wale wale."

Mama Maoni anasema baada ya simu hiyo alikwenda kunawa uso, akarudi, akafungua orodha ya mapendekezo yote aliyoyafunga mwaka ule wa barua ya kwanza ya karani kwa neno "Limejirudia". Ni 1,140. Sasa husoma kumi kila siku kabla ya chakula cha mchana, tangu salamu mpaka mstari wa mwisho. Amefika la 270. Kumi na sita hayakustahili kufungwa, na walioyatuma ameshawaandikia wote. Tisa wamejibu. Wanne kati yao walishahamia mifumo mingine. Mmoja alimtukana.

"Na alikuwa na haki," anasema. "Nimelihifadhi lile tusi."

Anataka aimalize orodha hiyo kabla mwaka haujaisha. Anataka pia kila mwandishi wa programu atoke siku moja kila mwezi, akakae kwenye stuli nyuma ya mtu anayeutumia mfumo wao, afunge mdomo, atazame. Aliomba siku kumi na mbili kwa mwaka. Uongozi umempa moja, ya kujaribia: wataenda kwenye shule ambayo katibu wake amekuwa akiandika kuhusu printa tangu mwaka juzi.

"Siku moja! Wamenipa kama pipi," anasema, huku akivuta pendekezo la tano kati ya sitini na matatu. "Nimeichukua. Ijumaa tunaondoka saa moja kamili, na Profesa nimeshamwambia: asije na kompyuta yake."