Maji ya Kuosha Chupa

Nakumbuka, mwanangu, na hasira hunipanda hadi leo, siku moja ya kiangazi nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Machakos. Mifereji ya maabara ilikuwa mikavu, kama kawaida, na maji yetu yote yalikuwa kwenye pipa moja pale konani. Mbithe, msichana wa Masii niliyekaa naye meza moja, aliponyokwa na chupa ya asidi, asidi ikamrukia jichoni.

Tulimkimbiza kwenye pipa. Msimamizi wa maabara akatuzuia. Alisema hayo ni maji ya kuosha chupa, kesho kuna mtihani, kisha akachovya kitambaa chake cha mfukoni na kumpa Mbithe ajipanguse. Kitambaa, mwanangu. Na sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa pale ukutani, limepigwa kufuli eti pamba isiibwe. Gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana, Mbithe alikuwa ameacha kulia, anatetemeka tu.

Siku iliyofuata mkuu wa masuala ya wanafunzi alikuja wodini na tai yake, akamwambia mama yake Mbithe asiwe na wasiwasi, kwani chuo kimewakatia wanafunzi bima ya ajali na matibabu yote yatalipwa. Yalilipwa kweli, sitamsingizia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatugeukia sisi wanafunzi na kuuliza kama maji yalikuwepo. Tukamwambia yalikuwepo, ila yalikuwa ya kuosha chupa.

"Mimi nachota maji kwa kuchimba mchanga ya mto," akasema polepole. "Nikifika nyumbani naipima na kikombe. Na hiyo siku ningemwaga yote, hata ya kupika."

Jicho la Mbithe halikuona tena. Siku hizi ni mwalimu, na akisahihisha madaftari huinamisha kichwa upande mmoja, nami nikimwona hivyo natamani kumtafuta yule msimamizi.

Sasa wewe unaingia chuoni Jumatatu. Ulizia bima yako inalipa nini, na ukiumia toa ripoti mapema. Ni haki yako, imo ndani ya karo, usikubali kuzungushwa. Lakini bima hufika mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo jifunze huduma ya kwanza, na siku ya kwanza kabisa ujue sanduku liko wapi na ufunguo anao nani. Dawa ya maabara ikimwingia mwenzako jichoni, mmwagie maji safi, mengi, na usiache kumwaga mpaka msaada ufike. Mtu akikwambia maji hayo yana kazi nyingine, msukume kando. Wakikuita ofisini kwa sababu hiyo, nitakuja mwenyewe kuketi nawe.

Nenda salama. Mungu akulinde huko, akurudishe mlangoni pangu ukinitazama kwa macho yako yote mawili.