Watoto Arobaini Waliosoma kwa Sauti Iliyokauka

Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu yule hakutoka darasa la kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwatia watoto sauti za herufi vinywani mpaka zishikane ziwe neno, na wenzake walimwita Bi Silabi. Hakukasirika. Alisimama mbele ya ubao, akabana midomo, "mmm," akaiachia, "aaa," na watoto arobaini wakaitikia, "ma!" Aliishi kwa kungoja ile siku mtoto anapoyakodolea macho maandishi, anayatafunatafuna, mara anashtuka: kumbe maandishi yanasema kitu!

Mwaka huu sauti ikamkauka. Alidhani ni vumbi la chaki. Daktari akamchungulia kooni, akaona vinundu. Akamwambia asipofunga mdomo miezi mitatu, sauti itapotea kabisa.

"Hata kunong'ona?"

"Kunong'ona ndiko usithubutu."

Njiani kurudi nyumbani mumewe, fundi viatu asiyejua kunyamaza, akamtania. "Miezi mitatu sigombezwi! Daktari yule nitamshonea viatu bure." Alipoona mkewe hacheki, akamshika mkono. "Nyamaza tu, mama. Nitaongea kwa niaba yetu wote."

"Watoto wamebakiza kidogo tu wajue kusoma," mke alisema. "Nikiwaacha sasa, nimewatupa."

Shuleni hakumwambia mtu. Aliendelea kufundisha wiki saba, sauti ikikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Na watoto, mmoja mmoja, wakaanza kusoma.

Ndipo mwalimu mkuu akaja kuwapima. Akamsimamisha binti mdogo wa dawati la mbele. Binti akavuta pumzi, akasoma, "Ba-ba a-na-li-ma," kwa sauti ya kukwaruza kama ya bibi kizee.

Mwalimu mkuu akacheka. "We mtoto, una mafua?"

"Sina, Mwalimu," akajibu, sauti nyororo kabisa.

Akasimama wa pili, wa tatu, wa nne. Wakiongea, wazima. Wakishika kitabu, wanakwaruza.

"Mbona mnasoma hivyo?"

Binti akamshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo kama hilo. "Si ndivyo watu wanavyosoma?"

Kicheko kikamwishia mwalimu mkuu. Akamgeukia Bi Silabi. "Dada, koo hilo lina muda gani?"

Bi Silabi akafungua mdomo ajibu. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, mkono shingoni, watoto wote wakimtazama midomo kama alivyowazoeza. Hewa tupu.

Mwalimu mkuu hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alimpeleka taratibu mpaka stoo ya vitabu, ukuta mmoja na darasa lake, akamwonyesha rundo la majalada ya kubandika kwenye vitabu. Watoto wakapewa mwalimu kijana.

Kupitia ukutani Bi Silabi alimsikia kijana akiwarekebisha. "Sauti safi! Rudia!" Siku ya kwanza watano wakasafika. Siku ya pili, wengine kumi. Walisoma vizuri, hakuna aliyesahau hata herufi moja, na kila aliyesafika alimwacha yeye.

Ijumaa akabaki yule binti wa mbele, anakwaruza peke yake.

"Siyo hivyo, mwanangu. Toa sauti yako."

"Hii ndiyo ya kusomea," binti akasema, karibu kulia.

"Hapana. Yako."

 Binti akasoma sentensi nzima, nyororo, bila kujikwaa, na darasa likampigia makofi. Kule stoo, Bi Silabi naye alikuwa ameinua mikono apige. Akaishusha. Akavuta kitabu kingine, akakipaka gundi.