Viganja Vilivyonipeleka Kapkatet

Niliondoka nyumbani Sosiot kwa sababu ya viganja vyangu. Vilikuwa vimetoka madoa mekundu, na nyayo pia, na Jumapili nilipompa mkono mke wa pasta, ambaye alikuwa nesi kabla ya kustaafu, hakuuachia. Aliugeuza kama anakagua majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na miguu je?" Nikamwambia miguu pia. Akasema madoa ya hapo yanaweza kuwa kaswende, na kwamba nikapimwe kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Mimi ni mgane, mwalimu mstaafu mwenye ekari moja na nusu ya chai na ng'ombe watatu. Siku hiyo wazee wetu walikuwa waende Kimulot kwa koito, kikao cha kupatana mahari na ndugu za Rael, mjane ambaye nilitaka kumwoa kabla hajabadili mawazo. Kanisa letu nalo halitangazi ndoa bila bahasha ya majibu ya damu, moja ya bwana na moja ya bibi.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilitoa pikipiki. Sosiot kuna pa kupimwa, lakini kwetu mtu hutibiwa nyumbani kama ana malaria. Mwenye ugonjwa wa aibu huvuka milima miwili kwanza. Nilichagua Kapkatet, ambako sikumjua mtu. Kwenye mkoba niliweka koti la mvua na kurasa arobaini za binti yangu Chebet, anayesoma historia chuo kikuu. Alikuwa ameniomba nimkagulie maandishi yake kuhusu namna madaktari wa Ulaya walivyotibu magonjwa ya zinaa katika karne ya kumi na nane. Hakujua ninakwenda wapi, na sikuona haja ya kumwambia.

Litein, saa tatu, mvua ilinishinda nikaingia hotelini. Niliagiza chai na mandazi, nikafungua kurasa. Chebet anaeleza kwamba madaktari wale hawakuwa na kipimo chochote cha damu. Walitazama vidonda, wakapapasa uvimbe wa kinena, wakauliza kama mifupa inauma usiku, kisha wakauliza habari za tabia. Aliyekiri alikuwa mgonjwa. Aliyekana alikuwa mgonjwa na tena mwongo. Dawa ilikuwa zebaki iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe. Mtu alisuguliwa mapajani, akavishwa sufu, akafungiwa chumbani penye moto, akatokwa na mate kwa wiki kadhaa. Mate yalipimwa kwa chombo, kwa kuwa waliamini ndiyo sumu inayotoka. Fizi zilivimba na meno yakalegea. Akipona, ilikuwa ushahidi kwamba ni ugonjwa wenyewe. Asipopona, aliongezewa zebaki. Nilisahihisha koma mbili, nikaacha andazi la pili.

Kapkatet, saa tano kasoro, niliingia kwenye kliniki moja ndogo nyuma ya soko. Kwenye benchi alikuwa ameketi shemasi wa kanisa letu, Arap Mutai, jirani yangu.

"Mwalimu," alisema.

"Shemasi."

Tukakaa. Akaniuliza, "Umekuja mambo gani huku?"

"Kuangalia ng'ombe."

"Hata mimi ni ng'ombe."

"Umeona mzuri?"

"Bado," akasema, halafu jina lake likaitwa.

Daktari alikuwa msichana wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sweta ya kijani na sauti ya kawaida kabisa, jambo lililoniliwaza. Alishika viganja vyangu karibu na dirisha.

"Mzee, hii mikono imeshika nini?"

Nikamweleza. Pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe iliharibika, na badala ya kuipeleka kwa fundi nikawa nawapaka ng'ombe kwa mkono, kitambaa na ndoo.

"Bila glovu?"

"Bila."

"Na viatu?"

"Siku ya dawa navua, visiharibike."

Aliniachia mikono. "Sasa hii ni dawa ya ng'ombe, mzee. Tutakupea ya kupaka. Lakini wacha nitoe damu, ndio upate karatasi ya pasta."

Nilitoka nikakaa nje nikiwa mtu mwenye furaha. Nilifikiria maneno ya kumwambia mke wa pasta, na kwa nusu saa nzima niliyapanga vizuri. Kisha nikaitwa.

"Mzee, viganja ni dawa ya ng'ombe," daktari alisema. "Hiyo haijabadilika. Lakini damu iko na kaswende. Nimerudia na kile kipimo kingine, imekuja vilevile. Ushawahi kutibiwa hii kitu?"

"Hapana."

"Basi ni ya zamani, inaweza kuwa miaka mingi. Inakaa tu imenyamaza. Hatuwezi jua ilianza lini, kwa hivyo ni sindano mara tatu. Leo, Alhamisi ijayo, na ile ingine. Uko na bibi?"

"Jumamosi ndiyo naenda kumposa."

"Ah," alisema. "Basi mwambie. Na yeye apimwe."

Hakuuliza habari za tabia yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, na lilipokosa kuja nilihisi machozi, nikajifanya nakohoa. Alinidunga upande wa kulia, kisha wa kushoto. Dawa ile ni nzito na huingia polepole, na anayesema haiumi hajadungwa.

Niliambiwa ningoje nusu saa ionekane kama dawa inanidhuru. Sikuweza kukaa, kwa hiyo nilisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa thelathini na moja Chebet anaandika kwamba waume wa zamani zile walikuwa wakienda kwa daktari kwa siri, wakamwomba awatibu wake zao pia bila kuwaambia ni kwa ugonjwa gani. Daktari alikubali. Mke alielezwa kuwa ana udhaifu wa tumbo, akanyweshwa zebaki, meno yakamlegea, na aliishi na udhaifu wa tumbo mpaka akafa. Nilirudia kifungu hicho mara mbili. Sikuwa na koma ya kusahihisha.

Saa saba nilishika njia ya Kimulot. Ni lazima nikiri nilichokuwa nafikiria. Ningeweza kunyamaza, nikamaliza sindano zangu, na pasta nikampa karatasi baadaye, majibu yakiwa safi. Rael angekuja nyumbani kwangu bila kujua kitu. Nikisema, huenda nisimpate tena, na kwa umri wangu hakuna Rael mwingine anayengoja pembeni. Niliendesha nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio, kwa kuwa barabara ile ina mashimo na mimi nilikuwa na matako mawili mabovu. Wachuma chai walisimama kunitazama. Mmoja alinipigia makofi.

Nilimkasirikia marehemu mke wangu, kana kwamba ndiye aliyeniletea, kutoka Kapkatet mpaka Mogogosiek. Kutoka Mogogosiek kwenda mbele nilikumbuka miaka yangu miwili ya chuo cha ualimu, na hasira ikaniishia. Ilibaki aibu, na nilimwomba marehemu msamaha kwa sauti, peke yangu, katikati ya majani ya chai.

Kimulot, saa tisa, ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni. Rael alikuwa anapalilia viazi. Ndugu yake mkubwa, Wesley, alitoka na kiti.

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

"Nitasimama tu."

"Kaa, bwana, umetoka mbali."

"Wacha nisimame."

Wesley alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia dada yake kwamba siku hizi ni wachache wanaoheshimu wakwe namna hiyo. Akaenda kuleta maziwa. Nilimwomba Rael tuende mpaka mwisho wa shamba.

Nilimwambia yote kwa mpangilio, viganja, ndoo, damu. Nilipomaliza aliweka jembe chini.

"Wamekudunga leo?"

"Pande zote mbili."

"Ndio maana husimami sawa." Aling'oa gugu moja akalitupa. "Mimi nilidungwa mwaka juzi. Mzee wangu aliniwachia hiyo. Niliendea kwenu Sosiot, kabla sijakujua, ndio huku wasijue. Halafu ukaniambia kanisa lenu linataka bahasha. Daktari alisema hata ukipona damu itaendelea kuonyesha kwa kile kipimo cha haraka. Nimekosa usingizi tangu hiyo siku, Mwalimu. Jumamosi nilikuwa niseme sitaki tena kuolewa."

Nilimwambia sitamuuliza chochote. Akasema hata yeye haniulizi. Kama kuna nililojifunza katika safari hii ni hilo, kwamba kuna maswali ambayo hayajawahi kumponya mtu, na nilihitaji sindano mbili kulielewa.

Wesley alirudi na maziwa akatukuta tumesimama, jembe likiwa chini.

"Kuna shida? Jumamosi iko ama haiko?"

"Iko," Rael akasema.

Saa kumi na nusu alinisindikiza barabarani nianze kurudi. Nilimwambia Alhamisi ijayo nitapita tena nikitoka Kapkatet, kama nitaweza kuendesha.

"Hutapita," alisema. "Utanichukua hapa asubuhi. Mimi nilienda mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa peke yangu."